Ndege wa hori ya Mida: fuata maji kwanza, darubini baadaye

Swali: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi karibu na Gede, pwani ya Kenya. Jumamosi moja mwezi huu wa Novemba, siku ya pili baada ya mwezi mpevu, nilikwenda hori ya Mida, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, na darubini niliyoazimwa. Nilifika saa nne na nusu asubuhi nikakaa mpaka saa sita. Niliona tope lisilo na mwisho, yangeyange wachache, na vitone vya kijivu kule mbali. Kila mtu ananiambia Mida ina maelfu ya ndege wanaotoka Urusi. Wako wapi? Na hao wadogo wanaofanana wote nitawatambuaje? Nataka kuwapeleka wanafunzi 30 wa klabu yetu ya wanyamapori na sipendi warudi wamechomwa na jua bure.

Jibu:

Mwalimu, ndege walikuwepo. Vile vitone vya kijivu ndio wenyewe. Uliwakuta wako kazini, wametawanyika kwenye uwanda wa tope ambao siku hiyo ulikuwa mpana kuliko siku nyingi za mwezi. Hori ya Mida ina ukubwa wa kilomita za mraba 32 hivi ukijumlisha mikoko, michirizi na tope lake, na maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yakipwa sehemu kubwa hubaki wazi. Ndege wa gramu 60, hata wakiwa maelfu, wakienea humo kila mmoja akijitafutia riziki, mtu aliyesimama ukingoni ataona vitone tu, hata darubini yake iwe ya bei gani.

Kwa hiyo swali lako la kwanza linajibiwa na maji. Wanaoanza kutazama ndege hufundishwa kuamka alfajiri, na msituni huo ni ushauri mzuri: ukiingia Arabuko-Sokoke saa tatu asubuhi umeshachelewa. Kwenye tope la bahari jua halina amri. Ndege hawa hula mchana na usiku, wakati wowote tope likiwa wazi, na hupumzika maji yakilifunika. Anayewapangia siku ni bahari.

Maji hujaa mara mbili kila siku, na kutoka kujaa hadi kujaa tena ni saa 12 na dakika 25 hivi. Ndiyo maana leo yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Pwani yetu ina mpangilio unaoweza kuukariri. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji hujaa karibu na saa kumi, alfajiri na jioni, na hupwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo hugeuka: yanajaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Wakati wa maji mafu inaweza kushuka mpaka mita 1 hivi. Wewe ulikwenda siku ya pili baada ya mwezi mpevu. Ulipofika saa nne na nusu maji yalikuwa yanamalizia kupwa, na ulipoondoka saa sita ndiyo kwanza yanaanza kugeuka. Katika wiki nzima hapakuwa na saa mbaya kuliko hiyo kwa mtu aliyesimama ukingoni.

Unachokitaka ni maji yanayojaa, hasa muda wa saa mbili au tatu kabla hayajafika kikomo. Yanapopanda huwasukuma ndege kutoka mbali waje upande wa mikoko. Uwanda unapungua, na wale waliokuwa wametapakaa kilomita nzima wanajikuta wamebanwa kwenye kipande kimoja cha tope mbele yako, wakila kwa haraka kwa sababu muda unawaishia. Halafu ghafla kundi zima linainuka, linageuka hewani, migongo ya kijivu kisha matumbo meupe, na linakwenda kutua mahali pakavu kusubiri. Hapo kazi yako ya kutazama imekwisha kwa saa kadhaa.

Kwa safari ya wanafunzi ningechagua Jumamosi iliyo siku 3 hadi 5 kabla ya mwezi mpevu, au kabla ya mwezi kuandama. Siku hizo maji hujaa kati ya saa sita na saa nane mchana, na yana nguvu ya kutosha kuwasogeza ndege. Mkifika saa tatu na nusu mtakuwa na muda wa kutazama tope na kaa wakati maji bado yako chini, na kuanzia saa nne na nusu ndege wataanza kuja wenyewe. Siku za maji mafu zenyewe ziepuke, maana maji hayapandi sana, sehemu za tope hubaki wazi, na ndege hawaoni sababu ya kukusogelea. Kabla ya kutangaza tarehe, hakikisha kwa jedwali la maji la Kilindini linalotolewa na Mamlaka ya Bandari ya Kenya. Kumbuka pia kwamba mlango wa hori ni mwembamba, hivyo ndani maji huchelewa kidogo kuliko baharini. Au muulize mvuvi yeyote wa Dabaso, hapo ukingoni mwa hori. Atakwambia bila kutazama karatasi.

Ukienda peke yako, au na walimu wenzako, jaribu pia jioni ya bamvua yenyewe. Maji hujaa saa kumi, kwa hiyo kuanzia saa nane ndege wanasogea. Ukibaki mpaka magharibi katika miezi hii ya kaskazi, unaweza kuwaona keremkerem wekundu, Merops nubicus, wakija makundi kwa makundi kulala kwenye mikoko. Ni ndege mwekundu kama waridi lililokolea, kichwa chake kina rangi ya bahari, na akigeuka kwenye mwanga wa jioni hata mtu asiyejali ndege atanyamaza.

Mahali pa kusimama unapo: lile daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko na kuishia kwenye kibanda cha kutazamia, mbele ya tope. Lina urefu wa mita 260 hivi. Ada yake inaingia kwenye mpango wa ASSETS, ulioanzishwa na shirika la uhifadhi la A Rocha Kenya, unaowalipia karo ya sekondari watoto wa familia zinazoishi kandokando ya Arabuko-Sokoke na hori ya Mida. Huenda baadhi ya wanafunzi wako wana kaka au dada aliyesomeshwa na daraja hilo. Waambie kabla hawajalikanyaga.

Sasa hao wadogo wa kijivu.

Ushauri wangu ni huu, na ninausisitiza kuliko mengine yote: mwezi wa Novemba sahau rangi. Karibu wote ni kijivu juu na weupe chini, kwa sababu nguo zao za harusi wamezivua. Rangi itarudi Machi na Aprili kabla hawajaondoka, na ndipo utakapoona wale wale wa kijivu wamekuwa wekundu wa matofali kifuani. Kwa sasa tazama mambo mawili: mdomo umekaaje, na ndege anatafutaje chakula. Mtoto wa darasa la tano akiambiwa atazame mwendo atawatenganisha ndege watano ndani ya nusu saa, na mtu mzima anayepekua picha za manyoya kitabuni atakuwa bado anatafuta ukurasa.

Anza na wale wanaokimbia na kusimama. Mdomo mfupi, jicho kubwa jeusi, kichwa cha mviringo. Anakimbia hatua kadhaa, anasimama tuli, anadonoa, anakimbia tena. Anawinda kwa macho: anasimama ili aone tope linalotikisika. Mida wako wa aina mbili wanaofanana sana, mmoja mkubwa kidogo na mwingine mdogo, wote wanazaliana Asia ya kati. Hata watu waliozoea hubishana juu yao, kwa hiyo wewe na wanafunzi waiteni wakimbiaji na msonge mbele. Wa tatu wa jamaa hiyo ni mkubwa zaidi, mnene, mpweke, na akiruka utaona doa jeusi kwapani. Huyo ni Pluvialis squatarola, na hilo doa jeusi halina mwenziwe pwani nzima.

Wa pili hasimami kabisa. Chekeamwezi mwenye mdomo mrefu kiasi, mweusi, uliopinda chini taratibu, miguu myeusi, ameingia majini mpaka tumboni, na mdomo unapanda na kushuka kwenye tope kama sindano ya cherehani. Huyu ni Calidris ferruginea. Yeye haoni anachokila. Ncha ya mdomo wake inahisi minyoo iliyozikwa. Akiruka, kiuno chake ni cheupe. Katika makundi makubwa ya Mida mara nyingi ndiye wengi, kwa hiyo ukimjua huyu umeshapunguza fumbo kwa nusu.

Wa tatu ni sululu, Numenius phaeopus, na huyu huwezi kumkosea: mkubwa, kahawia, mdomo mrefu uliopinda chini kama mundu, na mistari ya giza na nyeupe kichwani. Anakula kaa. Anamtoa shimoni, anamtikisa mpaka miguu ianguke, anammeza. Kabla hujamwona utamsikia, maana anapiga mlio mmoja mara saba hivi mfululizo, kwa haraka. Wafundishe watoto mlio huo darasani kabla ya safari. Kumtambua ndege kwa sikio siku ya kwanza ni jambo litakalowafanya warudi wenyewe.

Wa nne ni kipenzi changu kati ya wadogo, Xenus cinereus. Mdomo wake umepinda juu. Miguu ni mifupi, ya njano inayokaribia rangi ya chungwa, na anakimbia ameinama, kichwa chini, akigeuka huku na huku nyuma ya kaa wadogo, wakati wenzake wote wanatembea kwa adabu. Maji yakijaa, tazama matawi ya mikoko iliyozungukwa na maji: utamkuta huko juu pamoja na sululu, ndege wa tope waliopanda mti.

Wa tano namwekea nafasi yake. Kama ningeruhusiwa kuwaonyesha watoto wako ndege mmoja tu Mida, ningewaonyesha mla kaa, Dromas ardeola. Ni mweupe mwenye mgongo mweusi, miguu mirefu ya kijivu-samawati, urefu wake kama sentimita 40, na mdomo mweusi mnene, mzito, wa kuvunjia magamba. Kwa mbali utamdhani shakwe aliyesimama wima mno. Duniani kote karibu ndege wote wa tope hutaga mayai juu ya ardhi. Yeye peke yake huchimba pango mchangani, njia ndefu inayoshuka chini, na humo hutaga yai moja, jeupe. Mchanga uliochomwa na jua la Uarabuni unasaidia kulitia joto. Huzaliana hasa pwani za Ghuba ya Uajemi, Bahari ya Shamu na zilizo karibu nazo: Oman, Falme za Kiarabu, Kuwait, Iran, mpaka Eritrea na kaskazini mwa Somalia. Kisha, kuanzia Agosti, anashuka kwetu, Mida, Tana, Rufiji, na kuvuka mpaka Madagaska. Babu zetu walingoja kaskazi ndipo majahazi ya Oman yaje. Mla kaa hangoji. Anakuja kusi ikiwa bado inamvumia usoni.

Na kuna jambo ambalo wanafunzi wako wanaweza kuliona kwa macho yao. Ndege wengi wa tope huwaacha watoto wajitafutie muda mfupi tu baada ya kuanguliwa. Kinda wa mla kaa anasafiri na mzazi, na miezi kadhaa baadaye, huku Mida, bado anaomba chakula. Tafuta ndege mwenye mgongo wa kijivu badala ya mweusi, anayemfuata mwenziwe huku akilia. Mzazi akishika kaa atamgawia. Waache watoto walitazame hilo kwa muda mrefu wautakao, hata kama ratiba inasema vingine.

Kuhusu hao yangeyange uliowaona, usiwapuuze. Mmoja wa pwani yetu, Egretta dimorpha, ana ndege weupe na ndege weusi ndani ya aina moja, na wengine kati na kati wenye mabaka. Mweusi na mweupe wanaweza kuwa wamesimama bega kwa bega, miguu myeusi na nyayo za njano kwa wote wawili. Kwa somo la sayansi kuhusu kurithi, mfano huu uko dakika chache kutoka shuleni kwako. Heroe nao huja na kuondoka. Wakiwepo wataonekana bila msaada wangu.

Ulisema umeambiwa wanatoka Urusi. Wengi ndiyo, na habari ya yule chekeamwezi wa cherehani inafaa kuelezwa darasani kwa ramani. Anazaliana kwenye tundra ya Siberia, kaskazini kabisa, nchi isiyo na miti. Kutoka Mida mpaka huko ni zaidi ya kilomita 8,000. Ana uzito wa gramu 60 hivi. Huko anataga ardhini, na mbweha wa theluji anajua. Lakini chakula akipendacho mbweha ni lemingi, panya wa tundra, ambao idadi yao hupanda na kuporomoka kila baada ya miaka michache. Lemingi wakiwa wengi, mbweha anashiba na mayai yanasalimika. Lemingi wakipotea, mbweha anageukia viota. Kwa hiyo kuna miaka ambapo makundi yanayofika Afrika yamejaa vijana, na miaka ambapo vijana hawaonekani kabisa, na chanzo chake ni panya walioko upande wa pili wa dunia. Sijui mfano bora wa kumwonyesha mtoto wa Gede kwamba tope lile ni sehemu ya kitu kikubwa.

Ndege huyu yuko taabani. Mwaka 2024 Umoja wa Kimataifa wa Uhifadhi, IUCN, ulimpandisha katika orodha ya hatari, yeye na yule mwenye doa jeusi kwapani, kwa sababu idadi yao duniani inaanguka. Ndiyo maana nakuomba jambo la umbali ulichukulie kwa uzito ule ule unaoupa usalama wa watoto.

Kuanzia Februari ndege hawa wanakula ili wanenepe. Mafuta chini ya ngozi ndiyo nauli ya safari. Mwenye gramu 60 hulazimika kuongeza theluthi, hata nusu ya uzito wake, kabla ya mwisho wa Aprili. Kila anaporushwa kwa hofu anachoma sehemu ya nauli hiyo, na anapoteza dakika za kula ambazo maji hayatamrudishia. Mbaya zaidi ni kuwafukuza mahali pao pa kupumzikia maji yakiwa yamejaa, maana hawana pengine pa kwenda. Kaa mbali nao mita 100 au zaidi ukiwa mahali pa wazi. Wenyewe watakuonya kabla hawajaruka: wanaacha kula, wanainua shingo, wanaanza kutembea wakikupa mgongo. Ukiona shingo zimeinuka, rudi nyuma hatua kadhaa. Usikubali mtu yeyote, hata kiongozi wa wageni, awarushe ndege ili watu wapige picha. Mtoto akiona mara moja kwamba jambo hilo linaruhusiwa atalirudia maisha yake yote.

Watoto 30 hawatoshi kibandani kwa pamoja, na daraja linatikisika. Wagawe vikundi vitatu vya kumi. Kikundi kimoja kibandani na ndege. Cha pili kwenye mikoko. Cha tatu ukingoni na kaa. Badilishaneni kila baada ya dakika 40. Kwenye mikoko, mwonyeshe kila mtoto mkoko kwa mizizi yake ya kuegemea na vijiti vya kijani vinavyoning'inia, ambavyo ni mbegu zilizokwisha kuota zikiwa bado mtini. Mkandaa una magome ambayo wazee walitilia rangi. Mlilana unasimama upande wa bahari. Kwenye mchu, mwambie mtoto alambe jani: atakuta chumvi, kwa sababu mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Mizizi yake inachomoza topeni kama vidole, nayo ni ya kupumulia, maana ndani ya tope lile hamna hewa. Kikundi cha kaa wakae kimya dakika tano tu. Kaa dume wadogo wenye gando moja kubwa watatoka mashimoni na kuanza kulipunga kuitana na majike, na samaki wadogo wenye macho utosini watapanda kwenye mizizi na kutembea kwa mapezi. Hapo ndipo mnapoelewa ndege wanakula nini. Kaa koko wako humo pia, na kasa wa kijani huingia horini kula, ila hao kuwaona ni bahati.

Mambo machache ya usalama. Usiwatembeze watoto kwenye uwanda wa nje maji yakiwa yanajaa, kwa sababu michirizi hujaa nyuma yenu kabla ya tope mlilosimama kulowa, na mtajikuta kisiwani. Kama lazima wakanyage tope karibu na ukingo, wavae raba kuukuu zenye kamba: chaza kwenye mizizi wanakata kama wembe, na kandambili zitabaki topeni. Kofia, maji ya kunywa, mikono mirefu. Hori ni sehemu ya hifadhi ya bahari ya Watamu, kwa hiyo piga hodi ofisi ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, mapema uulize utaratibu wa shule.

Darubini: za 8x42, yaani zinazokuza mara 8, ndizo ninazopendekeza kwa wanafunzi. Zile za kukuza mara 12 au 16 zinazouzwa kwa sifa hutetemeka mikononi na watoto hawaoni kitu. Kikundi cha kumi kinahitaji mbili tu, kama kila mmoja anapewa zamu na mwenzake mmoja anaandika. Kama unaweza kuazima darubini kubwa ya stendi, hiyo moja itafanya kazi ya kumi, kwa kuwa unamlenga ndege wewe, na mtoto anaweka jicho tu. Lipeni jua mgongo. Ndege aliye kati yako na jua ni kivuli.

Usipange safari ya namna hii Juni au Julai. Wengi watakuwa Siberia na Ghuba, na watakaobaki ni vijana wa mwaka wa kwanza ambao hawajafikia kuzaa. Kama likizo ya Agosti ndiyo nafasi pekee, wapeleke mlango wa mto Sabaki, kaskazini ya Malindi. Huko, miezi ya kusi, yupo mgeni kutoka upande mwingine kabisa: Glareola ocularis, anayezaliana Madagaska na kuja kwetu kukimbia baridi ya kusini. Ana mabawa marefu, anaruka kama mbayuwayu mkubwa, na hukusanyika kwenye mchanga kwa mamia, wakati mwingine maelfu. Lakini Sabaki ina viboko na mamba, na huko hakuna daraja wala kibanda. Usiende bila mwongozaji wa watazama-ndege wa pale anayejua viboko wamelala wapi siku hiyo.

Msomaji wa Bagamoyo, Tanga au Rufiji anayesoma jibu hili anaweza kutumia hesabu ile ile ya mwezi na maji akiitazama kwa jedwali la bandari yake. Mikoko ya delta ya Rufiji ndiyo mikubwa kuliko yote Afrika Mashariki, na tangu 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa limeandikishwa chini ya mkataba wa Ramsar, ule wa kimataifa wa kulinda ardhioevu, kama delta ya Tana mwaka 2012. Ndege ni hawa hawa.

La mwisho ni daftari. Kila safari andikeni tarehe, saa mliyofika na kuondoka, hali ya maji, na idadi. Msijaribu kuhesabu kila kitu. Msimu huu hesabuni sululu na mla kaa peke yao, kwa kuwa wote wawili ni wakubwa na watoto hawatawakosea. Hali ya maji isikosekane ukurasani, kwani sululu 12 wakati wa kupwa na sululu 12 wakati wa kujaa ni habari mbili tofauti. Orodha zenu mnaweza kuziingiza kwenye Kenya Bird Map, ramani ya taifa ya ndege inayojengwa na watu wa kawaida. Na kila Januari hufanyika hesabu ya ndege wa majini katika nchi nyingi duniani kwa wakati mmoja, Kenya ikiwamo. Waandikie A Rocha Kenya hapo Watamu, au shirika la Nature Kenya, mwanzoni mwa Desemba, kabla timu hazijapangwa. Waambie una wanafunzi wangapi, darubini ngapi, na kwamba wamekwisha kumjua sululu kwa sauti.